Mamba wa Oldupai na Ziwa Lililomhama

Mwaka 1960 kikosi cha Louis na Mary Leakey kilifukua katika Korongo la Oldupai, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, mifupa ya wayo wa kushoto wa kiumbe anayehesabiwa katika spishi ya Homo habilis. Wayo huo ulipewa namba OH 8. Kwa miongo kadhaa wataalamu waliutumia kujibu hasa swali moja: je, mwenye wayo huu alitembea wima? Alama ndogo zilizokuwa kwenye mifupa ya kifundo zilikuja kurudiwa kwa makini na Jackson Njau, mtafiti Mtanzania, na mwenzake Robert Blumenschine. Mwaka 2006 walichapisha vigezo vya kuzitambua alama za aina hiyo, na mwaka 2012 wakachapisha uchambuzi wa mifupa yenyewe ya binadamu wa kale. Ni alama za meno ya mamba.

Dai kama hilo halifai kupokelewa kabla ya kuona limesimama juu ya nini. Fisi akipata mfupa huanzia kwenye ncha laini, huguguna, hutafuta uboho, na huacha michirizi mingi iliyopishana. Mamba hatafuni. Taya zake hufunga kwa nguvu kubwa mno lakini haziendi upande kwa upande. Akishanasa hujiviringisha majini mpaka kipande kikatike, kisha hukimeza. Mfupa uliopita kinywani mwake ukaponea hubaki bila kugugunwa, ukiwa na vishimo. Tena jino la mamba ambalo halijachakaa lina makali mawili membamba, moja mbele na jingine nyuma, na likizama kwenye mfupa huacha kishimo kilichogawanywa katikati na mstari. Jino la chui au simba halina umbo la kuacha alama hiyo. Vigezo hivi vilijaribiwa kwanza kwenye mifupa waliyolishwa mamba wa kufugwa, ndipo vikapelekwa kwenye visukuku. Kinachothibitika, basi, ni kwamba mguu ule uliwahi kuwa kinywani mwa mamba. Kama ulikamatwa ukiwa hai au uliokotwa ukiwa mzoga, alama peke yake hazitoi hukumu. Alama za namna hiyo zimo pia kwenye OH 35, mifupa ya muundi iliyotoka katika tabaka lile lile lililotoa fuvu la kiumbe wa kale aliyeitwa Zinjanthropus mnamo Julai 1959.

Mamba gani? Kwa muda mrefu masalia ya mamba wa Oldupai yaliandikwa kuwa ni ya mamba wa Nile, yule anayeonekana leo katika mito ya Grumeti na Rufiji. Mwaka 2010 Christopher Brochu, Njau, Blumenschine na Llewellyn Densmore walieleza katika jarida la PLoS ONE kwamba fuvu linasema vinginevyo. Pua yake ilikuwa na kina kuliko ya mamba wa Nile, na nyuma ya macho, juu ya matundu ya masikio, mfupa ulinyanyuka pande zote mbili ukafanya pembe za pembetatu. Waliipa spishi hiyo jina la Crocodylus anthropophagus, mamba mla watu. Umri wa masalia hayo ni takriban miaka milioni 1.84. Ndugu yake wa karibu ni Crocodylus thorbjarnarsoni wa bonde la Turkana nchini Kenya, aliyetangazwa mwaka 2012, ambaye wakubwa wake walizidi mita saba. Hawa wawili si mababu wa moja kwa moja wa mamba wa Nile. Walikuwa tawi jingine, na tawi hilo halina mrithi aliye hai popote.

Hapo ndipo swali la makala haya linapoanzia. Mwindaji mkubwa kupita wote majini, asiye na adui akishakomaa, mwenye meno ya kutosha kumla binadamu wa kale, alikuwa bwana wa ziwa lililokuwepo Oldupai. Leo Oldupai haina mamba. Haina samaki wala kiboko pia, kwa sababu haina maji ya kudumu. Mvua ikinyesha, kijito hupita chini ya korongo na kuishia katika bonde la Olbalbal. Mamba wa karibu wenye sifa ya ukubwa wako Grumeti, na mto ule unateremka kwenda Ziwa Victoria, upande mwingine kabisa wa mgawanyiko wa maji.

Kwa nini basi alitoweka? Kiikolojia mamba si mnyama dhaifu. Hupata joto la mwili kutoka kwenye jua, hivyo hahitaji chakula kingi kama simba mwenye uzito ule ule. Anaweza kukaa miezi bila kula. Mamba wa jenasi ya Crocodylus wana tezi za chumvi kwenye ulimi, zinazowawezesha kutoa chumvi iliyozidi mwilini, na ndiyo maana baadhi yao huogelea hata baharini. Ukoo mpana wa mamba ulivuka janga la kimondo la miaka milioni 66 iliyopita, lile lililofuta dainosari wote wasio ndege pamoja na reptilia wakubwa wa bahari: plesiosauri wenye mapezi manne na mosasauri, ambao kwa nasaba wako karibu na kenge na nyoka. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba maji baridi ya mito na maziwa yaliendelea kulisha viumbe vyake kwa mabaki ya mimea iliyooza, wakati bahari ilipopoteza mwani unaotegemea mwanga.

Reptilia wa bahari wana fundisho jingine, ambalo mara nyingi husahaulika kwa sababu kimondo ni hadithi tamu kuliko zote. Ikithiosauri, waliokuwa na umbo la pomboo na waliozaa watoto hai majini, hawakufa kwa kimondo. Walitoweka zaidi ya miaka milioni 20 kabla yake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ukiongozwa na Valentin Fischer ulionyesha kwamba kasi yao ya kubadilika ilikuwa imeshuka kwa muda mrefu, kisha hali ya hewa na kina cha bahari vikaanza kuyumba, na aina zao zikaondoka kwa awamu. Bahari ilikuwepo, samaki walikuwepo. Kilichopungua ni uwezo wa kundi kufuata mabadiliko. Kutoweka, kwa hiyo, hakuhitaji pigo. Kunahitaji mazingira yanayokwenda mbio kuliko kizazi.

Ziwa la Oldupai lilikuwa na kasi hiyo. Lilikaa katika bonde lisilo na mto wa kutoka, chini ya milima ya volkano ya Ngorongoro, Olmoti na jirani zake. Maji yaliingia kwa vijito kutoka milimani na kwa chemchemi za ukingo wa mashariki. Yalitoka kwa uvukizi tu. Chumvi na magadi vilibaki. Mwanajiolojia Richard Hay, ambaye kitabu chake cha mwaka 1976 bado ndicho msingi wa jiolojia ya korongo hili, alionyesha kwamba udongo wa mfinyanzi wa katikati ya ziwa umejaa madini yanayoundika tu penye maji ya chumvi na alkali. Pembezoni mashariki picha inabadilika: kuna masalia ya perege na kambale, mimea ya kinamasi, ndege wa maji, na ndiko mifupa ya watu wa kale na zana zao zilikorundikana. Maana yake ni kwamba ziwa zima, kwa macho kubwa, kwa mahitaji ya viumbe lilikuwa ukanda mwembamba upande mmoja, pale maji matamu yalipoingia kabla hayajaharibika.

Ziwa la namna hiyo ni sinia, si ndoo. Kwenye ndoo maji yakipungua mita moja, ukingo unabaki pale pale. Penye ardhi inayoshuka mita moja kwa kila kilomita, maji yakishuka mita moja ukingo unarudi nyuma kilomita nzima, na yakipanda mita moja unasonga mbele kilomita nzima. Hesabu hii ni ya mtoto wa shule, lakini ndiyo inayoamua maisha ya mamba. Jike huchimba kiota kwenye mchanga ulio juu ya kiwango cha mafuriko lakini karibu na maji, hutaga makumi kadhaa ya mayai, kisha hulinda kiota kwa takriban miezi mitatu. Yakianguliwa huwabeba watoto kinywani hadi majini. Umbali ukiwa mita 30, wengi hufika. Ukiwa kilomita moja ya tope lililokauka, kiota kimetagwa bure, au hakitagwi.

Jinsia nayo haiamuliwi na damu ya wazazi bali na joto la kiota. Kwa mamba wa Nile, joto la wastani katika masafa fulani hutoa madume, na joto la chini au la juu zaidi ya hapo hutoa majike. Ukingo ukipoteza miti, mchanga hupata jua kutwa nzima. Kundi linaweza kuendelea kutaga na kuangua mwaka baada ya mwaka huku uwiano wa dume na jike ukipinda, na hakuna mzoga wa kuonyesha kwamba kuna jambo limeharibika. Mamba huishi miongo mingi; wakubwa wanaoota jua ufukoni humpa mtazamaji picha ya wingi hata kama kwa miaka 15 hakuna aliyekua nyuma yao.

Sababu za kusinyaa kwa ziwa zilikuwa tatu, zikifanya kazi kwa mizani tofauti za wakati. Ya kwanza ni mzunguko wa mhimili wa dunia, unaobadilisha nguvu ya mvua za kitropiki kila baada ya takriban miaka 20,000. Clayton Magill na wenzake, wakichambua nta ya majani iliyohifadhiwa kwenye mashapo ya ziwa, waliripoti mwaka 2013 kwamba kati ya miaka milioni 2.0 na 1.8 iliyopita eneo hili liligeuka mara kadhaa kutoka misitu kwenda mbuga za nyasi na kurudi. Makadirio ya mvua yalipanda na kushuka kati ya takriban milimita 250 na 700 kwa mwaka. Ya pili ni volkano, iliyomwaga majivu na kujaza sakafu ya bonde, hivyo kulifanya sinia kuwa la kina kifupi zaidi. Ya tatu ni mipasuko ya ardhi ya Bonde la Ufa, iliyoinua hapa na kushusha pale mpaka njia za maji zikahama.

Ni muhimu kutotupa lawama zote kwa ukame. Mamba mwenye pembe aliishi ndani ya mizunguko hiyo. Kila ziwa liliposinyaa, chemchemi na midomo ya vijito vya mashariki vilikuwa kimbilio, na mvua ziliporudi kundi lilitoka tena. Ukame mmoja haukutosha. Kilichoharibu hesabu ni kwamba kimbilio lenyewe halikurudi na ukubwa ule ule kila mara. Katika Tabaka la Kwanza la korongo, lililo chini, na sehemu ya chini ya Tabaka la Pili lililo juu yake, ziwa la kudumu lipo. Kupanda Tabaka la Pili, mipasuko inaongezeka na ziwa linabaki sehemu tu ya eneo lake la awali. Katika Tabaka la Tatu, lililoanza kulazwa kama miaka milioni 1.15 iliyopita, mgeni anayesimama kwenye ukingo wa korongo hahitaji kuambiwa na mtu: tabaka ni jekundu, rangi ya udongo uliokaa hewani, na ndani yake kuna mikondo ya mito ya msimu badala ya sakafu ya ziwa. Hatua kwa hatua bonde liliacha kuwa bonde la maji. Baadaye ardhi ya Olbalbal ikadidimia, mto ukaanza kuchimba, na korongo lenyewe likazaliwa.

Oldupai haikuwa pekee. Turkana wakati huo ilikuwa na mamba wa aina zaidi ya mmoja kwa pamoja, akiwemo Euthecodon mwenye pua ndefu nyembamba ya kuvulia samaki. Kabla yao, katika Miosini, Kenya ilikuwa na mamba wa jenasi ya Kinyang, jamaa wa mamba wadogo wa misitu ya Kongo, waliotangazwa mwaka 2022 kutokana na visukuku vikiwemo vya Maboko kwenye Ziwa Victoria. Leo mtu akitembea kutoka Turkana hadi Rufiji atakuta spishi moja. Hadithi ya mamba wa Afrika Mashariki, ikisomwa kwa mpangilio wa miamba, ni ya kupunguzwa: kila bonde lililokauka liliondoka na wa kwake, akabaki yule anayeweza kuishi karibu kila mahali. Kubaki na mmoja mwenye uwezo huo kunaweza kuonekana kama ushindi wa aliye bora, na wapo wanaoliona hivyo. Kwa hesabu ya hatari ni akiba iliyobaki mfuko mmoja.

Ziwa la aina ya lile la Oldupai lipo hata leo: teremka kutoka Karatu mjini kwenda Mang'ola. Ziwa Eyasi liko pale, kwenye mguu wa ukuta wa Bonde la Ufa, na sifa zake msomaji ameshazisoma juu: halina mto wa kutoka, lina magadi, lina kina kifupi, hujaa miaka ya mvua hadi wavuvi huja kuvua kambale na perege, na miaka ya ukame hugeuka uwanja mweupe wa chumvi. Maji matamu yako ukingoni, kwenye chemchemi za Mang'ola zinazolishwa na nyanda za juu za Ngorongoro. Wahadzabe, Wadatoga, Wairaqw na wahamiaji kutoka mikoa mingi wako kwenye ukanda huo huo mwembamba, na vitunguu vinavyovuka mpaka kwenda Nairobi vinamwagiliwa kwa mifereji na pampu kutoka hapo hapo. Upande wa pili wa Karatu, Ziwa Manyara linapokea udongo unaokombwa na mvua kutoka miteremko ya Karatu na Mbulu. Udongo wa makorongo yanayokatika mashambani ni sehemu ya sakafu mpya ya ziwa. Kule Oldupai majivu ya volkano yalifanya kazi hiyo kwa maelfu ya miaka. Jembe, mifugo na barabara zisizo na mitaro mizuri vinaifanya kwa umri wa mtu mmoja.

Ndani ya kreta ya Ngorongoro, msitu wa Lerai umepoteza migunga yake mingi ya manjano katika nusu karne iliyopita, na chumvi iliyozidi kwenye udongo ni mojawapo ya maelezo yenye ushahidi mzito zaidi. Mti ulio pembezoni mwa ziwa la magadi huishi kwa hisani ya maji matamu yanayousuuza udongo. Yakipungua, chumvi inapanda.

Mtu anaweza kupinga kwamba mfano wa miaka milioni mbili hauna uzito kwa leo. Basi itazamwe mito miwili ya Tanzania ya kipindi hiki. Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima ndani ya hifadhi ya taifa, ulikauka wakati wa kiangazi mwaka 1993 na umeendelea kukauka misimu iliyofuata, kutokana hasa na maji kuchukuliwa bonde la Usangu kwa mpunga na malisho. Katavi, Mto Katuma unapokata maji, viboko hubanana kwenye dimbwi la tope na mamba hujificha kwenye mashimo ya kingo mpaka mvua zirudi; umwagiliaji wa juu ya mto umefanya kipindi hicho kiwe kirefu. Mamba wa Katavi bado wapo. Ndivyo hasa inavyokuwa mwanzoni: wanaonekana wengi kuliko kawaida, kwa sababu wamekusanyika.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Tangu miaka ya 2010 maziwa kadhaa ya Bonde la Ufa yamefurika badala ya kukauka. Baringo na Naivasha yaliwafukuza watu majumbani, na Manyara ilijaa mwaka 2020. Lakini kwa utaratibu ulioelezwa hapa, mafuriko hayafuti hoja. Ziwa lenye sakafu iliyojaa udongo hupanda haraka kwa mvua ile ile na hushuka haraka kwa jua lile lile. Kiota kilichozama kinapotea sawasawa na kiota kilichokaushwa. Kinachomwua mkaaji wa ukingo ni kuhama kwa ukingo, uelekeo wowote, kwa kasi asiyoimudu.

Tofauti kati ya Oldupai na leo iko mahali pamoja. Mamba mwenye pembe hakuwa na la kufanya kuhusu volkano wala mpasuko wa ardhi. Maji ya Mang'ola yanaondoka kwa maamuzi: idadi ya pampu, saa za zamu, miti iliyokatwa kwenye chanzo, shamba lililolimwa hadi mdomoni mwa chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kiasi cha maji kibakizwe kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa mazingira kabla ya vibali vingine kugawiwa. Kiasi hicho hakiwezi kulindwa kama hakipimwi na kama kipimo hakionekani na anayekitegemea. Wananchi wa bonde la Eyasi na Manyara wadai, kupitia serikali zao za vijiji na bodi ya bonde, vipimo vya kila chemchemi na kila mto vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji mwezi kwa mwezi, pamoja na orodha ya vibali vinavyochota humo, na wavidai wakati chemchemi bado zinatoka.